Nani Anaingia Kwenye Mabano?

Nusu ya kodi yangu ya nyumba hutoka kwa nukta na koma. Watafiti hunitumia miswada yao jarida likishawarudishia na kusema marejeleo hayajafuata mtindo, nami nayapanga upya: jina la ukoo kwanza, herufi ya kwanza ya jina lingine, mwaka ndani ya mabano, kichwa cha makala, jina la jarida kwa herufi za mlazo, kurasa, halafu DOI. Jarida hili linataka APA, lile linataka Chicago, la madaktari linataka Vancouver yenye nambari. Makala ikikataliwa huku na kupelekwa kule, tunaanza moja. Zotero husaidia, lakini Zotero ni kama blenda: hutoa kile ulichotia.

Ni kazi ya kuchosha, sikatai. Lakini ukikaa na orodha za majina mchana kutwa, utaanza kujiuliza swali ambalo mwongozo hauulizi. Nani anastahili kutajwa, na nani aliamua hivyo?

Nianze kwa kuzitetea sheria zenyewe. Mwaka 1881, Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala kuhusu konokono asiye na gamba. Humo alitaja jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, katikati ya sentensi, na watu husema mtindo unaoitwa Harvard ulianzia hapo. Ni wazo rahisi: hili silijui kwa akili yangu mwenyewe, nimelipata kwa fulani, mwaka fulani, nenda ukaangalie. Dawa ya deni ni kulipa, na rejeleo hulipa mawili kwa mpigo. Aliyetangulia anapata heshima yake, na msomaji anapata haki ya kutilia shaka.

Ndiyo maana siungani na wale wanaosema ati haya ni mambo ya wazungu tu. Karne nyingi kabla ya Harvard kuwepo, wanazuoni wa hadithi za Mtume walikuwa na isnadi: huyu kasikia kwa yule, yule kasikia kwa mwingine, mpaka mwanzo wa mnyororo. Kila mtu kwenye mnyororo alichunguzwa. Je, alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Aliwahi kukutana kweli na huyo anayedai kumsikia? Kwa hivyo neno la mdomo linaweza kutajwa, tena kwa ukali kuliko tunavyotaja vitabu leo. Shida yangu iko mahali pengine.

Shida ni kwamba mtindo una umbo, na asiyetoshea umbo hilo hukatwa. Mtazame Ngũgĩ wa Thiong'o. Programu ikiona maneno matatu, huchukua la mwisho kuwa jina la ukoo, na kwenye orodha anageuka Thiong'o, N. Thiong'o ni babake. Mwandishi aliyeacha jina la James akachukua jina la kwao, sasa anaitwa kwa jina la mzee wake, na herufi moja ndiyo inayobaki kumwakilisha. Hilo angalau naweza kulirekebisha kwa mkono. La mama wa Vihiga siwezi.

Nilimpangia mtafiti mmoja makala kuhusu mboga za kienyeji. Sehemu tamu zaidi ya makala ile ilitoka kwa mama mmoja mkulima huko Vihiga. Yeye ndiye aliyeeleza mboga gani huchanganywa na gani ili uchungu upungue, kwa nini managu hutiwa maziwa, munyu wa majivu huwekwa lini kwenye mrenda, na mbegu za msimu ujao huchaguliwa vipi. Ndani ya makala anaitwa Mhojiwa 7. Kwenye marejeleo hayumo. Nikaandika pembeni: "Daktari, huyu mama ana jina?" Akanijibu kwa upole: "Acha tu Mhojiwa 7, ndio utaratibu."

Na kweli ndio utaratibu. Toleo la saba la mwongozo wa APA, lililotoka 2019, linasema mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyafikia yatajwe ndani ya matini tu, yasiingie kwenye orodha. Waliohojiwa kama sehemu ya utafiti wenyewe hawahitaji hata kutajwa hivyo. Sababu yake ina mantiki: orodha ni ya vitu vinavyoweza kutafutwa na kupatikana. Huwezi kumbofya mama wa Vihiga.

Sasa fuatilia kinachoendelea. Makala ikichapishwa, mtafiti anapata jina, mwaka na DOI. Mwanafunzi wa Eldoret akiandika kuhusu managu, atamtaja mtafiti. Wa Uppsala atamtaja mwanafunzi. Miaka kumi baadaye maarifa yale yatakuwa na ukoo mzima wa wasomi, na aliyeyatoa hatakuwemo. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alifuata mtindo, tena kwa makini. Wizi wa maandishi tumeuundia programu za kuunusa; huu upotevu wa polepole haugunduliwi na programu yoyote, kwa sababu kila koma iko mahali pake.

Linganisha na jambo lingine. Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili wawili na kampuni yao walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilishwa kortini kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Zilikuwa na majina ya pande zote, nambari na miaka. Kilichokosekana ni ukweli tu. Nami hukutana na vitu kama hivyo kwenye miswada: rejeleo safi kabisa, jarida ni la kweli, makala haipo. Yaani mwandishi ambaye hajawahi kuandika neno anaweza kupenya orodha mradi amevalishwa vizuri, na mama aliye hai, mwenye simu inayoita, anabaki nje.

Najua jibu litakalokuja: usiri. Wahojiwa hufichwa ili wasidhurike. Mtu akizungumzia polisi, ugonjwa wake au mume anayempiga, jina lake likitokea ni hatari, na kamati za maadili zinafanya vyema kumlinda. Lakini kuna tofauti kati ya mtu aliyekusimulia maisha yake na mtu aliyekufundisha. Wa kwanza unamfunika. Wa pili ni mwalimu wako, na mwalimu hutajwa. Halafu kuna swali ambalo fomu ya ridhaa mara nyingi hulipita: inaahidi kuficha jina kabla ya kuuliza kama mwenyewe anataka lifichwe.

Njia zipo. Mwaka 2021, Lorisia MacLeod, mkutubi wa jamii ya Wakrii huko Kanada, alichapisha vielelezo vya kuwaweka wazee na watunza maarifa ndani ya orodha ya marejeleo: jina, jamii yake, anakoishi, alichozungumzia, tarehe. Mstari mmoja tu, sambamba na vitabu na majarida. Mhariri wa jarida la hapa kwetu anaweza kuukubali kesho asubuhi bila kuomba bajeti.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Siku hizi nikipokea muswada wenye wahojiwa, kabla sijagusa koma yoyote namwandikia mwenye kazi swali moja: kati ya hawa, kuna aliyekufundisha, na umemuuliza kama anataka jina lake litokee? Wengine hawajibu. Wengine huona ninawachelewesha na makataa yamefika. Mmoja alichukua simu, akapiga.