Kipi Kikubwa, Kabla ya Jibu

Ubaoni kuna 67 × 15 upande mmoja na 66 × 16 upande wa pili, na katikati pameachwa nafasi ya alama: kubwa kuliko, ndogo kuliko, au sawasawa. Swali linasema usikokotoe. Wanafunzi wengi huliona sharti hilo kuwa ukorofi tu wa mwalimu. Njia ya uhakika ipo, mbona tunazuiwa kuipita? Basi huzidisha kwa siri nyuma ya daftari, wakapata 1005 na 1056, wakaweka alama na kupewa vema.

Ila tazama walichokikosa. Pande zote mbili zimebeba 66 × 15. Kushoto imeongezeka 15 moja tu, kwa kuwa 67 ni 66 na moja zaidi. Kulia imeongezeka 66 nzima. Shauri limekwisha: kulia ni kubwa. Aliyezidisha anajua kwamba ni kubwa. Aliyelinganisha anajua kwa nini. Na ile 1005 haiwezi kumwambia mtu sababu, maana ikishaandikwa haina tena kumbukumbu ya 67 wala ya 15. Ingeweza kutokana na 201 × 5, au na 1000 na 5.

Mazoea hutuambia kwamba lazima ujue kila kitu kina kiasi gani ndipo uvilinganishe. Si kweli. Panga vikombe juu ya visahani. Visahani vingine vikibaki vitupu, umeshajua kwamba visahani ndivyo vingi, na hujahesabu hata kimoja. Mwanahisabati Georg Cantor alilichukua wazo hilo la kupanga kimoja kwa kimoja akalipeleka mahali ambapo kuhesabu hakufiki. Mwaka 1874 alithibitisha kwamba namba halisi ni nyingi kuliko namba za kuhesabia, ingawa zote mbili hazina mwisho. Kule kulinganisha bila kuhesabu si njia ya mkato. Hakuna njia nyingine.

Robert Recorde, Mwelsh aliyechoka kuandika kila mara kwa maneno kwamba hiki ni sawa na kile, aliichapisha ile alama ya sawasawa ya ubaoni mwaka 1557: mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwani, alisema, hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Alama hiyo inataja uhusiano. Darasani imegeuzwa amri: toa jibu! Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, wanafunzi 145 wa darasa la sita walipewa 8 + 4 = □ + 5. Wote waliona kwamba kisandukuni paingie 12 au 17. Hakuna aliyesema 7. Kukokotoa walijua vizuri sana, ndicho kilichowaponza.

Mbishi atasema: kuiona 67 kama 66 na moja, hiyo si hesabu? Ni hesabu, nakubali. Hata 903 − 478 na 903 − 487, ambapo yatosha kujua kwamba anayetoa kingi hubakiwa na kichache, inabidi kwanza utambue kuwa 487 imezidi 478. Na ipo mitajo isiyofunguka kwa jicho: 37 × 46 na 41 × 42 zinamtaka mtu ajue kwamba jumla ikiwa ileile, namba zinazokaribiana huzaa zao kubwa zaidi, na kulijua hilo ni kazi kuliko kuzidisha kwenyewe. Kwa hiyo kinachozuiwa na swali si hesabu yote. Kinachozuiwa ni kutafuta thamani pale ambapo kinachotakiwa ni tofauti. Chukua 999 × 1001 na 1000 × 1000. Zote zina 999 × 1000 ndani. Kushoto ongeza 999, kulia ongeza 1000. Kulia inazidi kwa moja.