Nani Atangulie?

Msomaji wangu, nataka kukuuliza swali ambalo huenda ukalidhania dogo. Watu wengi wakitaka kutenda jambo kwa wakati mmoja, nani atangulie? Mwenye nguvu? Mwenye umri? Aliyewahi kufika? Au aliyependelewa na bahati? Mimi swali hili lilinijia mahali nisipolitazamia, katika mchezo wa wanafunzi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, siku zile ambazo Mlima Kenya hujifunika ukungu na watu wa Nyeri hutembea wamejikunyata. Nilipita karibu na ukumbi wa chakula wa shule niliyokuwa nikifundisha, nikasikia dadu zikigonga meza. Niliingia kwa hasira, maana nilidhani ni kamari. Vijana watano wakasimama. "Mwalimu, hapana fedha hapa," mmoja akasema, "tunapigana na majitu." Walikuwa na karatasi, kalamu, na dadu ya ajabu yenye nyuso 20. Niliketi nitazame kidogo. Niliondoka kengele ya chakula cha jioni ilipolia.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974. Kila mchezaji hujitwalia mhusika, na mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Vita vikizuka, kila mmoja hutupa dadu na kuongeza tarakimu ya wepesi wa mhusika wake. Mwenye jumla kubwa hutangulia, wa pili humfuata, hivyo hata wa mwisho. Kisha zamu humrudia wa kwanza. Hata jitu lina zamu yake, wala hapana awezaye kulinyima.

Sasa tafakari. Duru nzima ya zamu hizo huhesabiwa kuwa sekunde 6 tu, na ndani ya sekunde hizo hizo wote wanakimbia, wanapiga na wanapigwa. Katika vita vya kweli hapana amngojaye mwenziwe. Zamu, basi, si mali ya vita, ni mali ya meza. Ilibuniwa kwa kuwa watu watano hawawezi kusema pamoja na kila mmoja akasikika.

Miongoni mwa wale vijana alikuwako mmoja ambaye darasani sikupata kuisikia sauti yake kwa mihula miwili. Mhusika wake alivaa deraya nzito, naye kwa wepesi alikuwa duni, hivi kwamba karibu kila mara alikuwa wa mwisho. Lakini zamu yake ilipofika, wote walinyamaza wakamtazama. Alifikiri muda mrefu. Hapana aliyemnyang'anya.

Nikajiona nimeshtakiwa. Darasani mimi nilimwita aliyeinua mkono kwanza, na tabia hiyo niliiita haki, maana wepesi ni juhudi ya mtu mwenyewe. Mchezo ule uliupa wepesi ujira wake, yaani kutangulia, ukakoma hapo. Mimi niliupa kutangulia na yote yaliyofuata.

Labda utanipinga, nawe una haki. Utasema kwamba kutangulia si jambo dogo. Kwenye kiwanda cha kahawa, mkulima aliyefika mwisho atachelewa kulala, lakini kahawa yake itapimwa. Kwenye gari la mwisho la kwenda Karatina, aliyefika mwisho atabaki kituoni. Kitu kikiwa chaweza kwisha, mpango wa zamu ndicho kitu chenyewe. Mchezoni pia ni hivyo: wa mwisho aweza kuuawa kabla hajatenda lolote. Watunzi wenyewe wamesumbuka na jambo hili. Kwa kanuni za mwaka 2014, aliyeshtukizwa na adui alipoteza zamu yake ya kwanza kabisa. Kanuni za mwaka 2024 zimemrudishia. Hutupa dadu mara mbili na kuchukua tarakimu iliyo ndogo, lakini zamu anayo. Mimi naona walifanya vema, ingawa najua wapo wachezaji wanaonung'unika.

Kati ya kutanguliwa na kunyimwa kuna umbali mkubwa, na nchi yetu hii yaujua. Wakikuyu wa zamani walipokezana utawala kwa zamu baina ya vizazi viwili, Mwangi na Maina, kwa sherehe iliyoitwa ituika. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza jinsi kizazi cha Maina, kiitwacho pia Irungu, kilivyofikiwa na zamu yake katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ikaikataza sherehe. Watu wale walikuwa wamengoja kwa uvumilivu kwa sababu walijua watafikiwa. Kungoja kwao kulikuwa na maana siku zote hizo, hata ilipokuja amri ya mtu ambaye hakuketi mezani pao.

Jumatatu iliyofuata nililifungua daftari la mahudhurio, nikaanza kuuliza maswali kwa mpango wa majina. Zamu ya yule kijana ilipofika, alisimama kimya. Mikono ikainuliwa mbele, vidole vikialika, "Mwalimu! Mwalimu!" Nikawaamuru waishushe. Tukangoja. Jibu alilolitoa lilikuwa na kosa. Nikalisahihisha, nikamwita anayefuata.