Tawi la Njia Panda



Wazee wetu walisema, kupotea njia ndiyo kujua njia. Methali hii twaitumia sana kumfariji mtu aliyekosea. Lakini je, aliyepotea akaijua njia, ameijua kwa faida ya nani? Swali hili lilitupata tukiwa safarini.

Tulikuwa watu wawili na mbwa wetu, Simba, tukishuka kwa miguu kutoka mashamba ya chai ya Usambara Mashariki kwenda kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Muheza. Njia ile ni ya zamani, nayo hupita msituni. Alama zake ni chache: hapa kovu la panga kwenye gome la mti, kule jiwe lililopakwa chokaa, na chokaa yenyewe imekwisha kuoshwa na mvua. Tena vijia vya kupoteza watu ni vingi. Zamani watu walilima iliki chini ya miti mikubwa, wakafungua vijia vya kwendea mashambani mwao. Mashamba yakaachwa, vijia vikabaki.

Tulipofika njia panda, Simba alishika ya kushoto, nyembamba, iliyofunikwa na majani. Sisi tuliitazama ya kulia, tukaiona pana na imekanyagwa vizuri. Tukampigia mluzi. Akasimama, akatutazama, akanusa chini tena. Tulipomwita mara ya pili akageuka, akatufuata. Tulikwenda karibu saa nzima, na njia ikafia kwenye kichaka cha iliki, ukingoni mwa korongo.

Wakati wa kurudi ndipo tulipofahamu kwa nini njia ile ilikuwa pana. Kila aliyepotea aliikanyaga mara mbili, kwenda na kurudi. Makosa ya watu wengi yalikuwa yameifanya ionekane kuwa ndiyo njia yenyewe.

Kijijini tulimkuta mzee mmoja barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmepita salama huko juu?"

"Salama, mzee," tukajibu, wala hatukuongeza neno. Tuliona haya.

Ndipo yeye mwenyewe akatusimulia. Usiku mmoja vijana wachuma chai, wageni wa sehemu zile, walimbeba mama mjamzito kwa machela wakimpeleka zahanati. Pale njia panda walishika ya kulia.

"Mama alipona," alisema mzee. "Mtoto hakupona."

Tukamwuliza kwa nini hapakuwekwa alama. Akainama kidogo. "Sisi wa hapa twaijua njia yetu. Hatukuona haja."

Jibu hilo lilituchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Anayeijua njia haoni haja ya alama. Asiyeijua hawezi kuiweka. Amebaki mtu mmoja tu: yule aliyepotea akarudi. Yeye peke yake ameijua njia mbaya hadi mwisho wake, na bado anakumbuka jinsi ilivyomdanganya. Ni wangapi walikuwa wamepotea pale kabla ya usiku ule, wakaulizwa kama tulivyoulizwa sisi, wakajibu kama tulivyojibu?

Watu wa kale walilifahamu jambo hili. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri na msafara kutoka pwani hadi Ujiji kati ya 1857 na 1858, aliandika kwamba penye njia panda njia isiyofaa ilizibwa kwa tawi lililovunjwa, au kwa mstari uliochorwa kwa mguu. Tawi moja tu, na watu wa nyuma wakaokoka. Naye nabii Yeremia, katika sura ya 31, anawahimiza waliochukuliwa mbali wajiwekee alama za njia ya kurudi nyumbani.

Labda mtu atasema, "Kupotea si dhambi, na aliyepotea hana deni kwa mtu." Twakubali kwamba kupotea si dhambi. Deni huanza pale anaporudi. Simba aliijua njia kwa pua yake, akatuambia kwa namna yake, lakini hakupewa kinywa cha kusema zaidi. Sisi tuna kinywa, nasi tulinyamaza ili tusichekwe. Basi kati yetu na mbwa, nani aliyemtendea mwenzake vema siku ile?

Asubuhi yake tulipanda tena. Tulikata tawi kubwa, tukalilaza juu ya njia ya kulia, na kwenye ya kushoto tukapanga mawe na kuyapaka chokaa. Kazi yote haikuzidi nusu saa.

Ndugu, kila mmoja wetu ameshika njia fulani akarudi: ya pombe, ya deni, ya hasira iliyovunja nyumba. Tuliporudi tulijifuta matope mlangoni, tukawaambia watoto wetu kwamba tumepita salama. Nao leo wamesimama pale pale njia panda, wakiitazama ile njia pana tuliyosaidia kuikanyaga. Tusione haya kuwaambia, "Hapa nilipotea." Neno hilo ndilo tawi letu. Tuliweke mapema, kabla ya mwenye machela kupita.