Uso wa Mwenye Kazi

Enyi ndugu zetu, tumezoea kuhesabu amana za mwenye kazi kuwa ni mbili: asiibe mali na asiibe saa. Hapa twapenda kuongeza ya tatu, nayo ni uso wake. Je, karani, mwalimu, daktari au kadhi akitimiza wajibu wake wote, lakini watu wakaogopa kumkaribia, ameitimiza amana?

Tumtazame mtu wa Kanyangi, huko Ukambani, upande wa Kitui. Ameacha kazi zake, amelipa nauli, amefika ofisini kuuliza juu ya hati ya shamba. Karani hakumtukana wala hakumtaka rushwa. Amemtazama tu kwa jicho la pembeni, na alipokosea neno la Kiswahili akacheka. Mtu yule alikuwa na maswali matatu. Ameuliza moja, na mawili amerudi nayo nyumbani. Daftari halionyeshi kosa lolote, lakini haki yake imebaki mlangoni.

Nasi watu wa pwani tusijitoe katika jambo hili. Wako miongoni mwetu waliokwenda bara kwa kazi na biashara, wakaifanya lugha yetu kuwa kiboko cha kuwapigia wenzao. Misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, na biashara ile ilisimama kwa kuelewana, si kwa ufasaha.

Watasema wengine, "Mimi ndivyo nilivyoumbwa, na uso wa kujitia ni unafiki." Twawajibu kwa Sura ya Abasa. Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, alimjia Mtume (S.A.W.) kutaka mafunzo, ilhali Mtume akizungumza na wakubwa wa Makureshi kwa kutumai kusilimu kwao. Mtume alikunja uso, na Mwenyezi Mungu akamzindua. Tuzingatie: kipofu haoni uso! Lau ukunjufu ungekuwa pambo la kumpendeza mtazamaji tu, mkunjo ule usingekuwa na neno. Jambo lenyewe, basi, si midomo wala meno. Ni nani tuliyemhesabu kuwa ana haki ya kusikilizwa. Na baadaye Mtume alimkirimu mtu yule, hata akamwachia Madina zaidi ya mara moja aliposafiri. Anayejizoeza kumwelekea kila mja si mnafiki. Unafiki ni kumchekea tajiri na kumkunjia maskini.

Wala hatusemi kadhi amchekee mmoja wa wenye kesi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimwandikia Abu Musa al-Ash'ari asawazishe watu hata katika uso na kikao, mnyonge asikate tamaa na mkubwa asitumai upendeleo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imewapa makadhi hukumu za ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu. Mwanamke aliyeachwa akiogopa kusema mbele ya kadhi, kifungu hicho chamfaa nini?

Basi twanasihi mambo matatu. Aingiapo mtu, tuweke kalamu chini na kuitikia salamu yake. Tumwache amalize maneno yake, hata yakiwa yamevunjika. Na kabla hajaondoka tumuulize, "Je, kuna lililobaki?" Kwa swali hilo moja, mtu wa Kanyangi angalirudi kwao na majibu matatu.

Mwenyezi Mungu azikunjue nyoyo zetu kabla ya nyuso zetu. Amin.