Lawama, Bahati na Mafuta ya Breki

Mafuta ya breki yaliyochakaa hayapigi kelele. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na ikishabeba maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta huchemka, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama mpaka chini.

Nani alaumiwe hapo? Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliibua mjadala wa bahati katika maadili. Nagel alimtaja dereva wa lori aliyepuuza kukagua breki, kisha akagonga mtoto. Dereva mwingine aliyezembea vilevile, asikutane na mtu, hulala usingizi wake. Kant angesema wana hatia sawa, kwani bahati haiongezi wala kupunguza ubaya wa nia. Jibu hilo linawasahau wafiwa. Sharia ya Kiislamu imetenganisha mambo vizuri zaidi: aliyeua bila kukusudia habebi dhambi ya muuaji, ila dia lazima ilipwe, na kafara inamhusu.

Anayetoa upepo kwenye breki mwenyewe nyumbani ana tatizo la ziada. Msaidizi hukanyaga pedali na kuishikilia. Nipo ya gurudumu, yaani skrubu ya kutolea upepo, hulegezwa, mafuta meusi yenye mapovu hushuka kwenye mpira mpaka chupani, kisha nipo hukazwa kabla mguu haujaachia, la sivyo hewa hurudi ndani. Kopo la mafuta la juu likiachwa likauke, kazi huanza upya. Hapo mwenye gari ndiye fundi, ndiye mkaguzi, na ndiye mwenye haraka.

Mwanafalsafa W. K. Clifford, mwaka 1877, alisimulia habari za mwenye meli aliyejiridhisha kwa dhati kwamba chombo chake kibovu ni kizima. Kwa Clifford, ana hatia hata meli ikifika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo. Ndivyo alivyo aliyebonyeza pedali mara moja tu akaridhika. Haki hiyo hupatikana mafuta yakitoka safi bila povu kwenye magurudumu yote manne, nipo zikiwa kavu, na gari likisimama vyema kwa mwendo mdogo pasipo na watu. Injini ikiwashwa pedali hushuka kidogo, jambo la kawaida. Pedali ikiendelea kuzama chini ya mguu, gari halitoki uani.