Nguvu ya Kununua na Nguvu ya Kuongeza

Liko swali ambalo vijana wetu wa Ihanja hubishana juu yake jioni, penye vibanda vya mafundi wa pikipiki, nalo laonekana kuwa swali la mafundi tu. Mtu akitaka motakaa yenye nguvu, je, yafaa anunue ile ambayo kiwanda chenyewe kimeiunda kwa nguvu nyingi, ama anunue iliyo ya kadiri, kisha ampe fundi kazi ya kuizidishia injini yake nguvu? Wengine hucheka wakimsikia mchungaji akiingia katika mambo ya vyuma na mafuta. Walakini nadhani ndani ya swali hili limo jingine linalowahusu watu wote, hata wasio na gurudumu moja: je, ni haki kutaka kwa kitu nguvu kupita ile kilichoundwa kuichukua?

Tutwae mfano ulio dhahiri. Motakaa ya Kijapani iitwayo Subaru Impreza ilianza kuuzwa mwaka 1992, na nyingi za namna hii zimefika Afrika ya Mashariki zikiwa zimekwisha kutumika Japani. Ziko za kawaida. Iko iitwayo WRX, yenye turbo. Na juu yake iko WRX STI, iliyoanza mwaka 1994. Turbo ni kigurudumu kinachozungushwa na moshi utokao katika injini, nacho husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, hata petroli nyingi zaidi iweze kuungua. STI ni ghali kuliko WRX. Basi kijana aliyeweka akiba ya biashara yake ya alizeti kwa miaka mingi hupiga hesabu moyoni: “Nitanunua WRX. Fundi atabadili maagizo ya kompyuta ya injini, turbo isukume hewa zaidi, nami nitapata nguvu za STI kwa fedha chache.”

Hesabu hiyo yapendeza, lakini imesahau jambo. Aliyeiunda STI hakuiongezea injini nguvu peke yake. Katika kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2000, STI ya Kijapani ilipewa sanduku la gia sita lililo imara, hali WRX ilikuwa na gia tano. Ikapewa na breki kubwa zaidi. Maana yake, nguvu ilipozidi, viungo vilivyopaswa kuichukua na kuizuia vilizidishwa pia. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Bei ile kubwa si bei ya mbio tu, ni bei ya viungo kupatana.

Bali anayebadili maagizo ya kompyuta tu hupata nguvu leo, na deni lake huachiwa viungo vingine. Joto la injini hupanda. Petroli isipokuwa njema huwaka kabla ya wakati wake, na pistoni hupasuka. Meno ya gia hukatika. Na breki hubaki zile zile. Hapo ndipo penye hatari, maana motakaa iendayo kilometa 100 kwa saa badala ya 50, nguvu ya mwendo wake, ambayo breki hazina budi kuimaliza, si mara mbili bali ni mara nne. Injini iliyoongezwa hujitangaza kwa ngurumo. Breki isiyoongezwa hunyamaza mpaka siku ya haja.

Asiyeijua Subaru atalifahamu jambo hili kwa pikipiki, ambazo kwetu ni nyingi kuliko motakaa. Boxer ziko za 100, za 125 na za 150. Mtu hununua ile ndogo kwa kuwa ni ya bei nafuu, kisha huifunga springi ngumu nyuma, apate kuchukua magunia ya alizeti au abiria watatu. Pikipiki haiinami tena, na jicho ladhani mzigo umekuwa mwepesi. Lakini mzigo ni ule ule. Mnyororo waujua, matairi yaujua, na breki zaujua pia. Kilichoondolewa ni ile dalili ya kuonya, si uzito.

Hapo mtu atanijibu: “Je, maskini asipate kitu? Mwenye fedha apewe nguvu iliyo salama, na asiye nazo aambiwe akae chini?” Jibu hili ni la haki, wala halifai kudharauliwa. Kiwanda si mwenye hekima yote, na kazi ya fundi ina heshima yake. Joginder Singh wa Kenya, aliyejifunza ufundi katika karakana ya baba yake, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant. Motakaa yao ilikuwa Volvo PV544, wala haikuwa mpya, maana ilikuwa imekwisha kuendeshwa katika Safari ya mwaka uliotangulia. Na miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1963, motakaa 84 zilianza Safari, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Katika matope na mawe ya namna ile, injini kali isiyofika haikumfaa mwenyewe kitu. Basi siwakatazi vijana kutengeneza. Nauliza tu, mnatengeneza nini kwanza?

Wako na wazee wasemao kwamba tamaa yote ya nguvu ni upuzi, na kwamba motakaa iendayo polepole yatosha. Nao sikubaliani nao kabisa. Nguvu si ubaya. Mji wa Singida uko juu ya bahari yapata meta 1500, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupungukiwa karibu sehemu moja kwa saba ya nguvu zake. Mwenye kupeleka mgonjwa hospitali, au kupandisha mzigo mlimani, anayo haja ya kweli. Ubaya huingia pale ambapo nguvu yapita kile kinachoizuia, na hasara yake yawaangukia watu ambao hawakuichagua.

Nao ni nani? Ni mtoto anayevuka njia akienda shule. Ni mama mwenye ndoo kichwani, asiyejua kuwa injini inayomjia imezidishwa na breki zake hazikuzidishwa. Sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu, nayo haikuuliza motakaa ina nguvu ngapi. Ni abiria pia, aliyeketi nyuma na kumwamini dereva. Tena ni mnunuzi wa pili. Mwenye kuizidishia injini nguvu, akiiona imeanza kuchoka, huirudishia kompyuta maagizo ya zamani, akaiuza kana kwamba haijaguswa. Huyo ameuza deni lake pamoja na motakaa. Vivyo hivyo amfichaye mwenye bima mabadiliko hayo ataka wengine waichukue hatari wasiyoijua.

Hata viwanda vikubwa havikuepuka jaribu hili. Tangu mwaka 1989 hadi 2004 viwanda vya Kijapani vilipatana visitangaze motakaa yenye nguvu za farasi kupita 280. Walakini baadhi ya injini zilizoandikwa 280 zilikuwa na nguvu zaidi ya hizo. Kipimo kilikuwapo katika karatasi, na nguvu ilikuwapo chini ya kifuniko, wala hivi viwili havikusema neno moja. Kipimo kisicho na ukweli hakimlindi mtu.

Basi hukumu yangu ni hii. Aliye na haja ya nguvu, tena ana fedha, na anunue ile iliyoundwa nzima. Asidhani amepoteza fedha kwa sababu ya breki asizoziona. Asiye na fedha anayo njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuitumia WRX kama ilivyo, nayo si haba. Ya pili ni kuongeza kidogo kidogo kwa utaratibu wake: kwanza breki na matairi, kisha vya kupoza injini, kisha gia, na injini iwe ya mwisho, na kila alilolitenda aliandike, amwonyeshe atakayeinunua baadaye. Njia hii huenda ikamgharimu karibu na bei ya STI. Ikiwa hivyo, amejifunza kwamba hapakuwa na nguvu ya bure tangu mwanzo.

Nasi tusio na motakaa tujipime kwa kipimo hiki. Mara ngapi twampa mwalimu mmoja madarasa matatu, tukamsifu kwa kuwa hajaanguka? Mara ngapi baba amsukuma mtoto mbele katika masomo, asimwongezee chakula, wala taa, wala saa za kulala? Hayo nayo ni kuizidishia injini nguvu na kuziacha breki.

Wahenga wetu walisema pia, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwa hiyo, kijana, ukija kutuonyesha motakaa yako, hatutakuuliza kwanza ina nguvu ngapi za farasi. Tutakuuliza fedha yako ya kwanza uliitumia wapi. Aliyeanza na injini alijifikiri mwenyewe. Aliyeanza na breki alikumbuka kwamba njiani wako na watu wengine.