Mti Una Kosa Gani?



Majuzi nilipanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, pamoja na mjukuu wangu. Tulifuata njia ya msituni kwa miguu, na ulikuwa wakati wa matunda. Chini ya msambu tulikuta yale matunda makubwa ambayo akina mama huyaokota kwa ajili ya mbegu zake zenye mafuta. Mbele kidogo mjukuu alikuta kichaka cha matunda madogo meusi yenye vinywele, akala mpaka midomo ikawa zambarau. Wataalamu hukiita klidemia. Kwao ni nchi za joto za Amerika. Nikamwambia, "Hicho unachokula ni mvamizi." Akaacha kutafuna, akanitazama kana kwamba nimemwambia ameiba.

Kisha tukafika penye misizi. Kwao ni Bukoba na Uganda. Ililetwa huku karne iliyopita, ikapandwa kwa sababu hukua upesi na kunyooka. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu ndani ya msitu.

"Babu, sasa mti una kosa gani?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Ugeni hauwezi kuwa kosa. Muhogo na mahindi vyote vilitoka Amerika, wala sijasikia mtu akiuita muhogo mvamizi wakati wa chakula. Tofauti ni kwamba muhogo hukaa ulipopandwa, nao msizi hujiendea. Lakini hata huo hauna nia mbaya. Hufuata mwanga, na mwanga uliingia msituni pale tulipokata miti.

Mwenzangu mmoja alinikumbusha mfano wa magugu katika Mathayo 13. Nikamjibu kuwa magugu yale yalipandwa na adui, usiku, watu wamelala. Misizi ilipandwa mchana, na watu wenye nia njema. Mimi ni mmoja wao. Mwaka 1989, nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, niliwasimamia wanachuo kupanda misizi nyuma ya mabweni, si mbali na msitu. Tulisifiwa sana. Kama mbegu za miti ile zilifika msituni, sitajua kamwe. Hondohondo hatoi stakabadhi.

Je, nina hatia? Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na nadhani sina hatia, bali nina deni. Mwenye hatia hutubu akasamehewa, akaenda zake. Mwenye deni hulipa, hata kama alikopa kwa nia njema. Wengi wetu tukisikia kwamba hatukukosa kwa makusudi, hufurahi na kuliacha shamba lilivyo.

Tena deni halilipwi kwa hasira. Ukiangusha misizi mikubwa yote kwa siku moja, umefungua mwanga mwingine, na miche mipya itajaa hapo hapo. Ndani ya hifadhi kazi hiyo ni ya wahifadhi. Kwenye mashamba yetu tung'oe miche ingali michanga, kwa mkono, mvua ikiwa imelainisha udongo.

Nyuma ya nyumba yangu upo msizi mmoja mkubwa uliojiotea. Hutupa kivuli kizuri, nami huketi hapo kusoma. Mjukuu ameuliza tutaukata lini. Nimemwambia tutaukata msambu utakapokuwa umesimama pembeni yake. Mbegu tumekwisha kuzifukia, nazo huchukua miezi mingi kuota. Kila asubuhi huenda kuchungulia.